Beseni Kwenye Kiti cha Abiria

Mwaka ule nilikuwa nikiosha magari katika ua wa fleti moja Kileleshwa. Kwenye kona ya ua, chini ya mjakaranda, palikuwa na pikapu kuukuu ambayo hakuna aliyeniambia niioshe. Niliiosha tu. Nilianza na vioo, nikatoa maua yaliyooza juu ya boneti, kisha siku moja nikajikuta nimelala chali chini yake nikitazama vyuma. Shule niliiacha mapema, na kazi nyingi nimezipita kama mtu anayepita vituo vya basi, lakini sijawahi kuona kitu kilichofungwa kwa bolti nikaacha kujiuliza kinashikilia nini.

Chini ya gari kulikuwa na ubaridi wa udongo, na mwanga uliingia pembeni ukiwa na rangi ya zambarau. Ningeweza kulala pale mchana kutwa.

Pikapu hiyo iliachwa na mzee aliyekuwa akibeba mawe ya kujengea. Mjane wake aliishi orofa ya kwanza na binti yake, mwanamke wa ofisini aliyetoka asubuhi na mapema na kurudi amechoka. Yule mama mzee sote tulimwita shosho, yaani nyanya. Alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na tangu aletwe kutoka hospitalini hakuwa amevuka geti. Alikaa roshani kwenye kiti kirefu, akitazama ua wetu kama mtu anayetazama mto.

Kisha kukawa na jambo. Mjukuu wake, binti wa kwanza wa mwanawe wa kiume, alikuwa analipiwa mahari. Kwa watu wao, binti wa kwanza huchukua jina la mama mzaa baba, na anayechukua jina huwa ni kama amemchukua mtu mwenyewe. Sherehe ingefanyika kwenye boma lao la zamani Kangemi, lile ambalo sasa limezungukwa na vyumba vya kupanga pande zote.

"Anayeolewa ni mimi," shosho aliniambia kutoka juu, nikiwa na kitambaa mkononi. "Sasa mimi nitaolewa nikiwa sipo?"

Kangemi si mbali na Kileleshwa. Shida ilikuwa kuketi. Daktari alikuwa amemkataza kuketi mahali pa chini, magoti yakapanda juu ya kiuno, na magari yote ya familia yalikuwa ya chini. Kiti pekee kilichomfaa kilikuwa cha pikapu. Alipanda juu ya kisanduku kwa mguu mzima, akarudi nyuma polepole, akakaa wima kama malkia. Binti yake akawasha gari, akamzungusha uani. Kwenye tuta la getini pikapu iliruka kama mbuzi. Shosho alishika dashibodi kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Nirudisheni juu," alisema.

Jioni hiyo nilipanda ngazi, nikagonga mlango, nikaomba funguo. Leseni ya udereva ndiyo mtihani pekee niliowahi kuupita, na nilikuwa natembea nayo kila mahali. Binti yake aliitazama leseni, akanipa funguo.

Fundi wa springi nilimpata kule chini ya Ngara, kwenye vibanda vilivyo karibu na mto, Mkamba mwenye mikono mipana na sauti ya mtu anayeimba besi kanisani. Aliinama, akachungulia gurudumu la nyuma, akacheka peke yake.

"Hii ni gari ama ni daraja?"

"Ni ya shosho mmoja," nikasema. "Anataka kubebwa pole pole."

"Shosho yako anabeba mawe?"

"Mzee wake ndiye alikuwa anabeba."

"Nimeona. Hii jani imeongezwa. Hii pia. Na hii mwenye aliiweka hakuwa anacheza." Aligonga zile pau za chuma zilizolaliana, kila moja fupi kuliko iliyo juu yake. "Huku kwetu gari ikitoka tu dukani inaongezwa majani, hata kabla ijue jina ya mwenyewe. Hii imefundishwa mawe, boss. Mtu haijui."

Tulishinda naye siku mbili. Majani ya springi yalikuwa yameshikana kwa kutu kiasi kwamba hayakuteleza tena, na fundi alisema springi isiyoteleza ni ubao tu. Tuliyatenganisha, tukayapiga brashi ya waya, tukayapaka grisi. Yale ya kuongezwa akayatoa. Mipira iliyopasuka kwenye ncha za springi akaibadilisha, akafunga na shoki nyingine za kuzuia mitikiso. Mimi nilishika taa na kuuliza maswali, mpaka akaniambia nikiendelea hivyo nitapewa aproni. Mwishoni akayafunga yale majani ya zamani kwa waya, akayatupa nyuma ya pikapu.

"Upepo wa tairi, punguza kidogo," alisema. "Na usiwahi kubebea hii kitu mawe tena. Mzigo kidogo tu, na ukae mbele ya ekseli ya magurudumu ya nyuma."

Sikujua nitapimaje ulaini. Siwezi kuwa shosho. Kwa hiyo nikachukua beseni langu la bluu la kuoshea magari, nikalijaza maji karibu na ukingo, nikaliweka kwenye kiti cha abiria, nikalifunga kwa mkanda wa usalama. Tulipanda kutoka Ngara asubuhi, mimi na beseni. Ndani ya maji kulikuwa na kipande cha mbingu, na nyaya za umeme zilipita humo moja moja, na matawi, na ukingo wa ghorofa fulani, kila kitu kikienda kinyume na sisi. Nilikaribia kusahau ninapoelekea. Nilipofika, suruali yangu ilikuwa imelowa upande mmoja.

Shosho alikuwa roshani, akilichungulia beseni.

"Imebaki ngapi?"

"Nusu, shosho."

"Basi nusu yangu ingefika. Gani, ya juu ama ya chini?"

Kila siku nilijaribu tena. Nilipunguza upepo. Nikaweka sponji chini ya kiti, ikapandisha kiti mno, nikaitoa. Niliizoea barabara ya kutoka Kileleshwa hadi Kangemi mpaka nikawa naiona nikilala, kila kiraka cha lami, kila shimo, kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Kila nikirudi aliuliza imebaki ngapi, na kila mara maji yalikuwa yameongezeka kidogo, lakini hayakufika pale tulipotaka. Nilimpelekea yale majani ya springi ayaone. Aliyapapasa kwenye mapaja yake moja moja.

"Hii aliweka tukijenga kanisa," alisema. "Nilimwambia gari itakuwa ngumu. Akaniambia, wewe utakalia mto."

Aliagiza yawekwe roshani, kando ya vyungu vya maua.

Asubuhi ya sherehe ua ulijaa. Viazi, vikreti vya soda, ndizi, masufuria makubwa, vyote vilikuwa vimesongwa kwenye magari madogo ya jamaa mpaka matumbo yao yakakaribia kugusa chini. Pikapu ilikuwa imeachwa tupu na kufagiliwa. Tulikuwa tumekubaliana sote: isibebeshwe kitu, kwa heshima ya nyonga yake. Shosho alishuka ngazi akiwa ameshikwa pande zote mbili, amevaa nguo ya kitenge na kilemba, akafika kwenye pikapu, akasimama.

"Huku nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu, mum," binti yake akajibu. "Tumekuachia peke yako."

"Nishuke kwangu na gari tupu? Wageni wakiniona? Kama mtu amefukuzwa alikoolewa?"

"Mum, ni sababu ya nyonga yako."

"Nyonga si mgeni. Wekeni viazi."

"Tutachelewa."

"Hakuna harusi itaanza bila mimi. Mimi ndio bibi harusi. Wekeni."

Wanaume walinitazama. Nami nilimkumbuka fundi na ekseli yake, nikapanda nyuma, nikaonyesha mahali. Magunia yakapangwa nyuma tu ya kichwa cha gari, na ndizi juu yake. Pikapu ikashuka kidogo, kama mtu anayetoa pumzi. Niliomba dakika moja, nikajaza beseni, nikazunguka nalo uani peke yetu huku jamaa wakinung'unika. Kwenye tuta la getini maji yalipanda upande mmoja, yakafikiria, yakarudi.

Nilielewa hapo hapo, na nilijiona mjinga sana. Springi hata ukiipunguza vipi inataka kitu cha kubeba ndipo ikunjike. Sisi kwa mapenzi yetu tulikuwa tumeinyima.

"Imebaki ngapi?"

"Yote, shosho."

"Basi toa hiyo beseni kwa kiti yangu."

Sikumbuki mengi ya njiani. Waiyaki Way ilikuwa imefunikwa na ule ukungu mwembamba wa asubuhi, na magari ya nyuma yalitufuata pole pole kama ng'ombe wanaojua nyumbani. Tulipoacha lami na kuingia Kangemi, kwenye mashimo yale niliyokuwa nikiyaota, alifumba macho. Nikapunguza mwendo zaidi. Kisha nikasikia kwamba anaimba, chini chini, wimbo wa kanisa, na pikapu ilikuwa inayumba katika mwendo ule ule wa wimbo.

Tulipofika, kiti cha kumfaa hakikuwepo. Palikuwa na viti vya plastiki tu, vya chini. Kwa hiyo alibaki pale pale, mlango ukiwa wazi, na wanawake wakashusha viazi wakimshangilia.

Mchana, ulipofika wakati wa bwana harusi kumtafuta mchumba wake, wasichana walipangwa mstari, wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, asiweze kumjua yeyote kabla hajamchagua na kumfunua. Shosho akaniita kwa kidole. Aliomba leso. Nilimfunika mwenyewe.

Kijana wa watu alipita mstari mzima, akainama, akatazama miguu, akasita. Kisha akaiona pikapu, na mtu aliyefunikwa ameketi ndani, wima, mahali pa heshima. Akaja taratibu mbele ya wazee wote. Akasimama mlangoni, akanyoosha mkono kwenye leso.

Nilikuwa nimesimama kando ya gurudumu la nyuma. Kabla uso haujafunuliwa niliona springi ikicheza, juu na chini, kidogo tu, kwa sababu shosho alikuwa anacheka.