Kikombe cha Ngozi cha Bunduki ya Baba

Bunduki ya baba haijapata kuua kitu isipokuwa baluni na vifuniko vya soda, na nasema hivi mapema ili asiye na kazi asije akapiga simu polisi. Ni bunduki ya upepo. Unaukunja mtutu katikati, springi ya ndani inajikaza, unatia kirisasi kidogo kama choroko, unaurudisha mtutu, unavuta. Pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma kirisasi, na mtoto wa watu anajishindia pipi. Ilikuwa mali ya hoteli moja ya Diani ambako baba alifanya kazi ya kuwachezesha wageni, mishale asubuhi, shabaha jioni. Hoteli ilipofungwa, kila mfanyakazi aliagwa kwa kitu: mpishi sufuria, mtunza bustani mpira wa kumwagilia maji, baba bunduki. Kibali chake amekitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni, mahali ambapo watu wenye akili zao hutundika picha ya harusi.

Tangu hapo, kila Idd, baba huweka banda la shabaha uwanjani hapa Msambweni. Ana desturi yake: haruhusu mtu kugusa bunduki kabla yeye mwenyewe hajapasua baluni moja mbele ya watu, ili kila mmoja aone kwamba mtutu umenyooka na hakuna ujanja. Mwaka mzima hugombana na redio. Siku za Idd hukaa kitini kama kadhi, watu wanampangia foleni, wanampa shikamoo, yeye anawakosoa namna wanavyoshika kitako, na jioni anarudi nyumbani sauti imemkauka na moyo umemkunjuka. Mimi ndiye ninayeishi naye, kwa hivyo namjua yule anayeondoka na yule anayerudi. Chuma chenyewe hakinihusu. Namtaka yule anayerudi.

Basi mwanzo wa Ramadhani iliyopita bunduki ikafa. Baba aliijaribu uani, ikatoa pumzi kama mtu anayepuliza chai, kirisasi kikatambaa mtutuni na kumdondokea miguuni. Alikitazama, au alitazama upande kilipokuwa, akaingia ndani kulala saa nne ya asubuhi.

Habari ikamfikia kaka yangu kule Ukunda, na kaka yangu habari mbaya huzipokea kwa mikono miwili. Yeye ni msimamizi wa nyumba ya mzungu mmoja mzee huko Diani, mzungu anayekusanya bunduki za zamani na kuzitundika ukutani. Siku nyingi mzungu huyo alikuwa akiitamani ile ya baba, kwa kuwa aina yake haitengenezwi tena, na kaka yangu alikuwa akitamani kumfurahisha tajiri wake. Alikuja na tende, akaketi, akazunguka weee, mwisho akasema.

"Baba, kitu kimekufa. Mpe anayekitaka. Hata ikipona, macho yako yenyewe hayaoni."

"Naona vizuri kukushinda wewe," baba akasema. Wakati huo huo mbuzi wa jirani alipita mlangoni akilia, na baba akamwitikia, "Marahaba."

Mimi nilijiuma mdomo. Kaka yangu hakucheka. Ni kweli baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na ni kweli hospitali hataki kuisikia, anasema ni ukungu tu wa bahari. Lakini kuna maneno ambayo mtu hamwambii babake kavu kavu, tena amefunga.

Baba akakata shauri hapo hapo. "Ikipasua baluni siku ya Idd, inabaki. Isipopasua, mchukulie mzungu wako. Mimi siweki maiti ndani ya nyumba."

Kaka yangu akanitazama mimi, maana alijua baba hawezi kukaza hata msumari. Nikamwambia achukue tende zake aende zake.

Niliifungua bunduki mwenyewe kwa bisibisi na matusi. Springi ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kichwani mwa pistoni, ambako kuna kikombe kidogo cha ngozi, upana wa kifuniko cha soda, kinachoziba hewa isivuje pembeni. Kilikuwa kimekauka kikawa makombo, nikakikung'uta kama majani ya chai. Kiwanda chenyewe kilikuwa Ulaya, na kilikwisha kufungwa kabla mimi sijaolewa, na kuolewa kwangu ni hadithi ya kale.

Nikaenda Ukunda kwa fundi wa baiskeli, kwani pampu za zamani zilikuwa na kikombe kama hicho. Fundi ni mtu wa bara, kijana mzuri, ila lugha yake ni ya kutafunwa. "Mathe, hizo za ngozi ni za kitambo. Siku hizi ni plastiki tu." Nikachukua ya plastiki. Risasi ya kwanza tu plastiki ikapasuka, na vipande vikatoka mtutuni kabla ya kirisasi. Baba akauliza kama ni njugu.

Ikabaki kutengeneza. Ngozi nzuri nilikuwa nayo uvunguni: makubadhi yangu ya harusi. Ndoa ilikufa zamani, viatu vilibaki vizima, na mara nyingi nimefikiri kwamba heri ningeolewa na fundi aliyevishona. Nikakata duara kwenye soli ya kushoto, nikairoweka maji mpaka ikalegea, nikaibana ndani ya kipande cha paipu kwa bolti na nati mpaka ikashika umbo la kikombe. Ilipokauka ilipendeza, nusura niinywee kahawa.

"Sasa ngozi lazima inywe mafuta," baba akasema akiwa kitandani. Hakusema mafuta gani, na mimi sikuuliza. Nani huku kwetu anauliza? Mafuta ni ya nazi. Tunayapaka nywele, tunampaka mtoto mchanga, tunapaka bawaba za mlango na goti linalouma. Nikakizamisha kikombe katika mafuta ya nazi mpaka kikashiba, nikakifunga ndani, nikamwita baba uani.

Alivuta. Wallahi nilidhani nyumba imeanguka. Ulitoka mshindo wa bunduki ya kweli, kuku wakapotea, moshi mweupe ukamfunika baba mpaka kofiani, na nyuma ya moshi ikaja harufu. Harufu nzuri mno, ya kitu kinachokaangwa kwa mafuta ya nazi. Saa tisa ya mchana. Mwezi wa Ramadhani. Na upepo siku hiyo ulikuwa ukielekea msikitini.

Sisi watu wa pwani tuna adabu, na adabu ni mateso. Hakuna aliyekuja kuuliza kwa nini nyumba ile inakaanga mchana. Jirani wa kwanza alikuja na uso wa huruma akauliza, "Mgonjwa ni nani?" Maana anayekula mchana wa Ramadhani kwa halali ni mgonjwa, na kutudhania vingine ni dhambi. Nikamwambia hakuna mgonjwa, ni bunduki. Akanishika mkono kwa upole, akasema Mungu atamponya. Kufika magharibi walikuwa wamekuja wengi, huyu na uji, huyu na ndizi za nazi, na baba, ambaye hajaacha kufunga hata alipong'atwa na nge, amekaa katikati yao anaombewa dua ya shifaa. Alijaribu kueleza. Kila akieleza wanamwambia apumzike, asijichoshe. Mwisho akaitikia amina kwa hasira.

Kikombe nilipokitoa kilikuwa kimeungua pembeni. Kaka yangu alipiga simu akicheka, akasema afadhali nije Diani nione mahali itakapotundikwa, nitulize moyo. Nikaenda, kwa ubishi tu.

Mzungu mwenyewe si mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. Kiswahili chake kimenyooka, na alinipokea mlangoni, akanikaribisha kwa heshima. Ukutani palikuwa na bunduki nyingi safi, kimya, na katikati nafasi moja tupu yenye misumari tayari. Kaka yangu akamsimulia kisa cha mafuta ya nazi ili amchekeshe. Mzee hakucheka. Akatikisa kichwa kama daktari.

"Hewa ikibanwa kwa ghafla inapata moto mkali," akaniambia, "na mafuta ya nazi yamewaka humo ndani. Zamani viwandani walilowesha ngozi kwa mafuta ya kwato za ng'ombe, na kidogo tu. Ukitia yale, itapiga vizuri."

Kaka yangu alimtazama tajiri wake kama mtu aliyesalitiwa. Mzungu akagutuka, akatazama ile nafasi ukutani, akaelewa amesema nini. Lakini alikwisha kusema. Nikamshukuru, nikaondoka haraka kabla hajajuta.

Kwato za ng'ombe! Ulaya ni dawa ya bunduki, kwetu ni makongoro. Nilinunua miguu mizima, nikaichemsha mchana kutwa jikoni nimefunga madirisha yote, maana sikutaka tena dua ya shifaa. Mafuta yalipoelea juu nikayaengua kwa kijiko. Supu tukafuturu. Soli ya kulia ikawa kikombe cha pili, nikakiweka kinywe taratibu, na hapo ndipo siku zilipotuishia.

Asubuhi moja mlango ukabishwa. Kaka yangu, kanzu mpya, anukia udi na pilau, na nyuma yake mzungu amevaa kofia ya kiua. "Idd Mubarak," kaka yangu akasema. "Bunduki iko wapi?"

Bunduki ilikuwa mezani vipande vipande. Kikombe kilikuwa bado kwenye sahani ya mafuta.

Baba akatoka chumbani polepole, anapapasa ukuta. "Idd gani?"

"Mwezi umeonekana, baba. Wametangaza jana."

"Umeonekana wapi?"

"Saudia."

"Basi kaswali Saudia," baba akasema. "Mimi hapa Msambweni sijauona, na nimefunga. Idd yangu ni kesho."

Miaka yote nimeudhika na mambo haya ya Idd mbili, nyumba moja wanakula, nyumba ya pili wanasonya. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa kuwafanya Waislamu wabishi. Mzungu akauliza kwa adabu kama kesho ni kesho ya kweli, baba akamwambia inshallah, na wakaondoka.

Nikaifunga bunduki alasiri hiyo, nikaijaribu kwenye debe nyuma ya choo. Ikapiga kavu, bila moshi, bila harufu, na debe likatoboka. Nililia kidogo, nikanawa uso. Baba alisikia kutoka barazani. Alisema tu, "Ndiyo hiyo," na kwa mara ya kwanza mwezi mzima akaomba redio.

Siku ya pili uwanja ulijaa watu wa Idd zote mbili. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya ubao nikifunga baluni. Ubao ni wa mbao nene umepigwa bati, na una matundu ya kupitishia kamba, kwa hivyo niko salama na naona kila kitu. Baba aliketi kitini pake, watu wakampa shikamoo, akaitikia wanadamu watupu. Kaka yangu alisimama pembeni na mzungu wake. Baba akainua bunduki kwa risasi yake ya ufunguzi.

Ilipiga vizuri kabisa, sauti ile ile ya miaka yote. Kirisasi kikagonga ubao chini kabisa, mahali pasipo na kitu. Akatia kingine. Hicho hakikugonga ubao wala chochote. Nadhani kilikwenda Lunga Lunga, mpakani. Watu wakatazama chini kwa adabu, na adabu ile nilikwisha kuijua. Niliuona uso wake kupitia tunduni. Alikuwa amefumba jicho moja kama mpigaji hodari, na lile lililo wazi lilikuwa linatazama baluni ambazo halizioni. Nimemwogopa baba, nimemkasirikia, nimemcheka. Sikuwahi kumwonea huruma kama pale, na iliniuma vibaya.

Nikachomoa pini kwenye mtandio wangu. Alipovuta mara ya tatu, nikaipitisha tunduni.

Baluni likalia. Watu wakapiga makofi, mtu akapiga kigelegele. Baba akashusha bunduki, akainamisha kichwa akisikiliza.

"Nililenga lile jingine," akasema. "Lakini haidhuru." Akatia kirisasi tena, maana sasa alikuwa amenogewa.

Hapo ndipo kaka yangu alipozunguka ubao. Nilijua ameona, kwa kuwa kutoka mahali alipokuwa amesimama pini ilionekana ikimetameta. Nikajiandaa kwa maneno, nilikuwa nayo mengi, ya miaka. Akanitazama, akaitazama pini mkononi mwangu, akamchungulia baba kupitia tunduni kwa muda. Kisha akaketi mchangani na kanzu yake mpya, akachukua baluni kwenye pakiti akaanza kupuliza.

Mzungu naye akaja, akainama kwetu. "Basi vipi," akamwuliza kwa sauti ya chini, "tunaichukua?"

Kaka yangu alikuwa na baluni mdomoni, mashavu yamemjaa. Akatikisa kichwa kukataa, akaendelea kupuliza.