Siku Niliyopigiwa Makofi kwa Kutokuwa Meneja

Hili jambo wenzangu mnalijua nusu, na hiyo nusu mliyoisikia barazani imetiwa chumvi na kila aliyeipokea, kwa hivyo afadhali niliseme mwenyewe kwa kinywa changu: ni kweli, nilisimama ukumbini pale Buxton mbele ya umati wa watu, ikathibitishwa kwa kipaza sauti kwamba mimi si mtu wa maana, na watu wakanipigia makofi. Aibu yenyewe bado naionja nikila wali.

Kampuni yetu hufungasha majani ya chai na viungo, ghala liko kisiwani humu humu, na tajiri wetu nitamwita Bwana Twahir (silo jina lake, nami kazi bado naitaka). Miaka mitatu nyuma mimi nilikuwa karani tu. Naandika mahudhurio, naandaa karatasi za mishahara, namtafutia cheti cha daktari mtu aliyeumwa tumbo siku ya mechi. Basi siku moja nikaingia kwa Bwana Twahir kumwomba nyongeza, maana saa za ziada zilikuwa nyingi na hesabu yake ya ovataimu ilikuwa yamuudhi, naye akaniketisha, akaniagizia soda, akaniambia, "Nassor, wewe si mtu wa kuhesabiana saa na mimi. Wewe ni mwenzangu. Kuanzia leo wewe ni Meneja wa Rasilimali Watu." Nikatoka mle ndani bila nyongeza, bila ovataimu (mameneja, alisema, hawahesabiwi saa), lakini nina kibao cha shaba cha kuweka mezani, na wallahi nilimshukuru kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata nikaposa. Mkwe wangu, Mzee Omari wa Kibokoni, ni mtu anayependa mambo yaliyonyooka, na aliponiuliza nafanya kazi gani nilimjibu neno moja tu, "Meneja," nikanyamaza, kwa vile meneja wa kweli hana maneno mengi. Akanipa Salma wake. Na tangu siku hiyo, kila nikipita barazani kwake nilikuwa nasikia, "Huyo ndiye mkwe wangu, meneja," nami natembea polepole ili wamalize kunitazama.

Sasa sikieni dhambi yangu, maana mkasa huu hauna utamu bila dhambi. Bwana Twahir alipoona dawa ya kibao imeniponya mimi, aliniagiza niwape na wengine. Nikaandika waraka. Mutiso, bawabu wetu, Mkamba mpole mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, akawa Msimamizi wa Lango. Bi Mwanakombo anayetupikia chai akawa Msimamizi wa Vinywaji. Chini nikatia mstari: wasimamizi hawalipwi ovataimu.

Mutiso aliusoma ule waraka mara mbili. "Bwana Nassor, namsimamia nani?"

"Unalisimamia lango."

"Lango lenyewe ni moja. Na halijawahi kunikimbia."

Nikacheka, nikamwambia cheo ni heshima. Hakucheka.

Yakaenda hivyo hadi siku ya akika ya binti yetu Zainabu. Bwana Twahir akasema lazima ghala lihesabiwe siku ileile, na meneja awepo. Nikahesabu mifuko ya iliki na mdalasini mpaka macho yakaona mbili mbili, nikafika nyumbani wageni wameshaondoka, masufuria yameshaoshwa, na mbuzi wa mwanangu mwenyewe nimebakishiwa shingo. Salma hakunigombeza, na mke asipogombeza ujue pana kazi. Aliniuliza tu, "Babake Zainabu, hizi saa zako hulipwa?"

"Mameneja hawalipwi saa za ziada."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Na nani?"

Nikatafuna shingo. "Na mimi."

Salma akaniambia kwamba Jumamosi pana mawakili wa kusaidia watu bure ukumbini Buxton, niende nikaulize kama mtu wa kazi yangu kweli hana haki ya ovataimu. Nikasema sawa. Na laiti ningekwenda kama mtu na akili zake, nikaketi, nikauliza, nikarudi! Lakini nikawaza: meneja mzima, kuonekana nimepanga foleni ya ushauri wa bure? Basi nikakata shauri dogo tu, nikaona ni la busara kabisa. Nitajifunika, na swali nitaliuliza kama la rafiki yangu.

Nikavaa kapelo nyekundu, nikavaa barakoa, na juu yake miwani ya jua. Mnalijua joto la Mombasa. Nilipofika pale ukumbini pumzi yangu ilikuwa yapanda kwa juu ya barakoa na kuingia kwenye miwani, na miwani ikawa ukungu mtupu, naona vivuli na shela tu. Nikapapasa kiti, nikaketi, nikajisifu moyoni kwamba hapa hanijui mtu. (Kweli mimi sikumwona mtu. Hilo la kutoonwa nililitoa wapi, sijui hadi leo.)

Wakili alikuwa binti kijana, Atieno, mzaliwa wa bara lakini Kiswahili chake kimenyooka kama uzi. Feni za ukumbi zilikuwa zinanguruma, kwa hivyo alikuwa amepewa kipaza sauti, na kila swali alilijibu kwa wote, akisema, "Wenye shida kama hii sikilizeni, msirudie." Zamu yangu ikafika. Nikasogezewa kipaza sauti kingine mpaka mdomoni.

"Nina rafiki yangu," nikasema, sauti nimeifanya nzito, "ni Meneja wa Rasilimali Watu. Ataka kujua kama aweza kudai ovataimu."

"Swali zuri," akasema wakili. "Wengi hufikiri cheo kinatosha kujibu. Hakitoshi. Tutazame mkataba wake wasemaje, na kazi anayoifanya kwa hakika. Huyo rafiki yako, yeye huajiri watu?"

"Huajiri. Yaani, hupokea barua za maombi."

"Akishazipokea?"

"Humpelekea tajiri."

"Na kama rafiki yako amemtaka mtu, tajiri hamtaki?"

"Basi huyo mtu hatakikani."

Watu wakaanza kucheka chinichini. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

"Aweza kumfukuza mtu?"

"Huandika barua za kufukuza."

"Kwa uamuzi wake?"

"Kwa... kwa kompyuta yake."

Hapo ukumbi ukaangua kicheko. Nami badala ya kuketi (mtu mwenye akili angeketi) nikaona rafiki yangu anadhalilishwa, nikataka kumtetea. Nikasema rafiki yangu ni mtu mkubwa sana pale kazini, hushauriwa kwa kila jambo, ana kibao cha shaba. Wakili akauliza kwa upole, "Ana watu wangapi chini yake?"

Kabla sijavuta pumzi, sauti ikatoka nyuma. "Hana hata mmoja!"

Sauti ile naijua. Kila asubuhi huniambia habari ya leo Bwana Nassor.

"Wakili, kwa idhini yako," akasema Mutiso akisimama, "huyo rafiki yake mimi namjua vizuri. Leo amevaa kofia nyekundu."

Jamani! Nilitamani feni ianguke, na iniangukie mimi. Mutiso akapewa kipaza sauti, akaeleza bila chuki, taratibu, kama anayesoma daftari lake. Kwamba yeye ni bawabu wa kampuni hiyo. Kwamba mameneja wa kweli hupita langoni wakipunga mkono, lakini huyu huandikwa saa ya kuingia na saa ya kutoka kama wapakiaji, na yote yamo kitabuni, hakuna siku iliyokosekana. Kwamba mkewe alipokuwa akijifungua, bwana huyu alisimama pale langoni akampigia tajiri simu mara nne akimwomba ruhusa, na mara ya nne alilia.

"Sikulia," nikasema, na kipaza sauti kikalichukua hilo nalo.

"Mwanangu, ulilia," ikasema sauti nyingine, ya Bi Mwanakombo, "mimi ndimi niliyekupa maji." Kisha akamgeukia wakili. "Na chai mameneja hupelekewa. Huyu huja jikoni kuiomba. Juzi alitaka kununua kalamu, akaambiwa azimalize kwanza zile zilizo nusu."

Wakili Atieno aliandika yote. Alipoinua kichwa alikuwa akitabasamu, na nadhani alijitahidi sana asicheke. "Ndugu yangu," akasema, "bila kuuona mkataba siwezi kukuapia. Lakini kwa haya niliyoyasikia, rafiki yako haajiri, hafukuzi, haamui, haongozi mtu, na saa zake zahesabiwa langoni. Hafanyi kazi ya meneja. Ana jina tu. Ana hoja nzuri sana ya kudai ovataimu, na kitabu cha bawabu ndicho shahidi wake. Hongera!"

Ndipo wakanipigia makofi. Wengine walisimama. Nami sikujua niiname nishukuru au niingie chini ya kiti.

Yangeishia hapo ningesema alhamdulillahi. Lakini wakili akawauliza wale wawili, "Na ninyi mlikuja kwa shida gani?" Mutiso akautoa ule waraka wangu mfukoni, umekunjwa vizuri, akausoma wote: Msimamizi wa Lango, Msimamizi wa Vinywaji, hawalipwi. "Nani aliyewapa vyeo hivi?" akauliza wakili. Walininyooshea kidole, wote wawili, na makofi yote yale yakageuka yakawa "Aaah!" ndefu ya ukumbi mzima. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko kicheko. Nikavua miwani. Nikavua barakoa. Nikamtazama Mutiso, nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Kalamu ilikuwa yangu." Naye akaitikia kwa kichwa, hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe.

Na kwa kuwa sasa naona, nikaona na mstari wa mbele. Pale ameketi Mzee Omari, mkwe wangu, na kanzu yake nyeupe na faili la mpangaji wake asiyetaka kuhama, ananitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe akafika nyumbani akamkuta ni kiti. Zamu yake ndiyo iliyokuwa yafuata. Akasimama, akakipokea kipaza sauti kwa mikono miwili, akasalimu, "Assalaam alaykum," tukaitikia wote, mimi kwa sauti ndogo kuliko wote.

"Wakili, mwanangu," akasema, "mimi nilikuja kwa habari ya mpangaji. Lakini hilo lingoje. Nina swali jingine. Mtu akiposa kwa cheo, na cheo chenyewe kumbe sicho, ndoa yasihi?"

Sijui niwaelezeeje kilichotokea mle ukumbini. Bi Mwanakombo alishika mbavu. Bibi mmoja nisiyemjua alilia machozi kwenye buibui lake. Hata wakili aliweka kipaza sauti chini akajifunika uso, na aliporudi alijibu kwa adabu zote, "Mzee wangu, hilo ni la kadhi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa vichochoro, nikijitungia maneno ya kumwambia Salma, lakini Mji wa Kale habari hazingoji mtu. Nilimkuta ameketi ngazini na simu mkononi, machozi yamtiririka kwa kucheka, na mtoto naye anacheka kwa kumwona mamake. "Kwa kompyuta yake!" akasema, na akashindwa kuendelea. Alipotulia akanifuta jasho kwa upindo wa leso, akaniambia, "Mimi niliolewa na Nassor. Meneja ni wenu wewe na baba."

Jumatatu tuliingia kwa Bwana Twahir watu watatu, mimi, Mutiso na Bi Mwanakombo, na kitabu cha lango kwapani, na karatasi ya wakili ndani yake. Nilizungumza mimi, kwa kuwa niliona ni deni langu. Alipiga kelele, akasema tumemvunjia heshima, kisha akasoma aliyoyaandika wakili, akasoma tena, akaniambia, "Haya, Nassor, chagua. Kibao au saa." Nami nisiwafiche, nilisita. Nilikitazama kile kibao kama mtu anayeaga. Bi Mwanakombo akanikanyaga mguu. Nikasema, "Saa."

Akakubali kwetu sote watatu, na zile za nyuma alitulipa kwa mafungu, akiguna kila fungu. Lakini sikilizeni kichekesho: tangu saa zianze kumgharimu, kazi za dharura zimekwisha. Ghala lililokuwa halihesabiki ila mpaka giza, sasa lahesabika na kuisha saa kumi kamili, na tajiri mwenyewe ndiye anayetuhimiza twende makwetu. Ovataimu niliyoipigania mpaka nikavuliwa nguo mbele za watu, mwezi uliopita nimepata ya saa moja na nusu.

Mzee Omari alininunia wiki tatu. Wiki ya nne alinikuta barazani kwake alasiri, Zainabu mapajani, siku ambayo zamani nisingeonekana, na mgeni mmoja akamuuliza huyu nani. Akafikiri. "Mkwe wangu," akasema. "Karani. Mtoto anamjua."

Basi mimi nimeapa, na ninyi ni mashahidi. Nikiwa na swali nitaliuliza kwa jina langu na uso wazi, sina rafiki tena wa kumuulizia. Na mtu akinijia kudai haki yake, hata tajiri asimame nyuma yangu na soda baridi mkononi, sitampa cheo mahali pake.