Ishara ya Treni Isiyokuwepo

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi Garissa nimechoka, na kwenye begi nikiwa na zawadi ya kumpa abti, kaka wa mama: stesheni, tangi la maji na mlingoti wa ishara, vya treni ya kuchezea, vyote vya plastiki. Picha ya juu ya boksi ilikuwa ileile ya boksi lake la zamani. Alikuwa amefanya kazi ya reli Voi miaka mingi, na stesheni masta mmoja alipohama alimwachia seti ya mwanawe. Sasa kiwanda kilikuwa kimevitoa upya.

Tulivipanga mkekani, kipya kando ya cha zamani. Stesheni yake ilikuwa ya bati, imechorwa matofali, mabenchi, hata saa. Matofali ya plastiki yaliinuka ukiyapapasa, ila ndani kulikuwa kutupu. Kwa tangi nilipendelea jipya, maana la zamani lilishaota kutu. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye ishara. Ya zamani ilikuwa na balbu ndogo, betri na nyaya mbili. Ukivuta kishikio, mkono wa mlingoti unashuka, na taa nyekundu inageuka kijani. Kwenye mpya, taa ilikuwa rangi iliyopakwa tu, na mkono unakaa popote unapouacha.

"Hii haijui kazi," abti akasema.

Mimi nilikuwa natazama nyaya. Magari yalikuwa yakilipuliwa njiani na waasi, mashifta, kwa mabomu ya kutegwa, na askari walikuwa wakipekua nyumba za mtaa wetu wa Galbet, moja baada ya nyingine. Balbu, betri, waya: nani angeuliza mara mbili? Nikamsihi aifukie.

"Abti," akaniita vilevile ninavyomwita, "umesoma mpaka unaogopa vitu vya watoto."

Nikabaki nikipanga maneno. Nikisema taa, watataka kuiwasha. Nikisema mchezo, watauliza mtoto yuko wapi.

Nilikuwa bado sijachagua neno, askari alipoingia asubuhi, akaiinua ile ya zamani kwa nyaya zake.

"Nini hii, mzee?"

"Ishara, afande," abti akajibu, kwa fahari ya mtu wa reli.

"Ishara ya nani?"

"Ya treni."

"Treni iko wapi Garissa?"

"Hapa hakuna. Mimi nilikuwa Foi."

"Voi."

"Ndiyo, Foi."

Mwenzake mlangoni akacheka. Yeye hakucheka. "Treni hakuna, na wewe una ishara. Unawapa nani, mashifta? Vaa viatu, twende."

Abti akainama kuvitafuta. Nikamsukumia askari boksi jipya mikononi. Akatazama picha: mtoto wa Kizungu amelala kifudifudi, mbele yake mlingoti uleule. Akautoa wa plastiki, akaupandisha mkono, akaushusha. Akaushika sambamba na wa bati, akaangalia huu, akaangalia ule, taratibu, kama tulivyofanya sisi.

"Hii haina waya," akasema mwishowe. "Baki nayo."

Ya bati akampa mwenzake, wakaenda kwa jirani.

Abti alikuwa na kiatu kimoja mguuni. "Alhamdulillahi," akasema. Nikaanza kumweleza kwamba afadhali angesema taa, au angesema tu kwamba ni...

"Abti, nyamaza kidogo," akanikatiza.

Akavua kile kiatu, akajilaza palepale mkekani. Nikazisogeza stesheni zote mbili ukutani apate pa kunyooshea miguu.