Mpira Kwenye Msumari

Nyumba yetu ya Uvira ilikuwa na milango miwili, na mimi nililelewa katikati yake. Mlango wa mbele, unaotazama barabara, ulikuwa wa baba na wagonjwa wake. Wa nyuma ulikuwa wa mama na sufuria zake. Baba alikuwa daktari wa mifugo, ila watu walimwita munganga wa ng'ombe, na kweli ng'ombe ndio aliowajua. Wachungaji wa milimani, Bijombo na Mulenge, walimpigia simu wakati tunakula, naye aliiweka sauti kubwa ili mikono ibaki kwenye bugali. Mchungaji akishindwa kueleza kikohozi cha ng'ombe wake, alikohoa yeye mwenyewe, huku sisi tukivunjika mbavu. Mama peke yake hakucheka. Alisema chanjo zimelala kwenye friji yake karibu na samaki wake wa ndagala, na sasa ng'ombe nao wamekuja mezani.

Hata leo nikisikia harufu ya kreolini, dawa ya baba ya kusafishia vidonda, mahali popote, njaa inaniuma.

Mbwa aliingia kwa mlango wa mbele. Aliletwa na askari mgeni, mmoja wa wale waliotafuta mabomu barabarani kule bonde la Ruzizi. Muda wake ulikuwa umekwisha, anarudi kwao, na mbwa alikuwa ameanza kuzeeka wala hakuna aliyemtaka. Askari alitusimulia kwa Kifaransa cha kusitasita jinsi siku moja mbwa huyo alivyokaa chini mbele ya daraja, akakataa kusogea. Nyuma yao kulikuwa na lori la akina mama wa sokoni, wamepanda juu ya magunia ya muhogo, nao walimtukana mbwa mpaka koo zikawakauka: mvivu, mjinga, anatuchelewesha. Chini ya udongo ule kulikuwa na bomu. Lori zima lilipona. Mimi nilishika matusi tu kwa kuwa yalinichekesha. Baba alikuwa akichungulia meno ya mbwa, sidhani kama alisikia hata nusu.

Kisha askari akatoa mfukoni mpira mwekundu unaoenea kiganjani.

"Huu ndio mshahara wake," alisema. "Msimpe bure."

Akamkumbatia mbwa shingoni, akatoka bila kugeuka. Mama aliutia mpira kwenye mfuko, akautundika kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni.

Sasa, mbwa wa kwetu kazi yake ni kubweka. Huyu hakubweka. Wezi waliruka ukuta mchana kweupe, wakakomba nguo zote kwenye kamba pamoja na kitenge kipya cha mama, naye akawatazama kwa adabu kama wageni wa harusi.

"Imbwa gani haibwekaki?" mama alifoka. "Iko inakula tu! Weye unajua ngombe, imbwa hauijuaki."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," baba alimtania.

Mama hakutaka methali. Alitaka mbwa aondoke kabla Jumamosi haijaisha. Hakuna jirani aliyetaka mbwa bubu, kwa hiyo wote tulijua kwamba kuondoka huko ni kwa sindano. Baba aliahidi, macho chini. Nilimpenda mbwa yule, na nilimchukia baba kwa siku nne nzima.

Wiki hiyohiyo mto Mulongwe ulifurika, ukatumwagia tope la milimani hadi uani. Maji yalipopungua, mama alitaka kupanda upya mboga zake za lengalenga. Alhamisi mbwa akaenda akakaa katikati ya lile tope. Hakulala, alikaa: matako chini, kifua mbele, macho yamekazwa kwenye mlango wa jikoni. Mama alimfukuza, akarudi palepale. Baba akaja, akamminya nyonga, akatikisa kichwa kidaktari.

"Viungo," alisema. "Ni uzee."

Akamchoma dawa ya maumivu. Ijumaa mbwa akakaa tena, akachomwa tena. Ndivyo baba yangu, mwenye diploma ukutani, alivyomtibu mbwa askari ugonjwa wa kufanya kazi yake.

Jumamosi asubuhi mama alichukua jembe. Mbwa alikuwa amekwisha kukaa. Mama akamsukuma kwa mpini, akiteleza kwenye tope.

"Toka! Imbwa mvivu! Mjinga! Iko inanichelewesha!"

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nikiosha sahani. Matusi yale niliyajua, niliwahi kuyacheka. Nikamtazama mbwa, nikaona macho yake yanapita juu ya kichwa changu, yanakwenda moja kwa moja kwenye msumari.

"Mama, acha jembe!" nilipiga kelele. "Iko inaomba mshahara yake!"

Mama aliganda, jembe likiwa hewani. Baba alitoka mbio, bomba la sindano mkononi, akaelewa yote kwa mara moja.

"Rudi mu nyayo zako, mama," alisema. "Pole pole."

Askari wa mabomu walikuja na chombo chao. Walifukua kitu chenye kutu, urefu wa chupa ya soda, ambacho tope lilikuwa limekiteremsha kutoka mlimani. Kilikuwa hatua moja kutoka pale jembe lilipokuwa likishuka. Baba alikaa kwenye benchi la wagonjwa akashika kichwa. "Nimemuchoma mara mbili," alirudia. Mpira nilimpa mimi. Mama bado aliogopa yale meno.

Mama si mtu wa kuomba radhi. Alimtengea mbwa sufuria yake ya ndagala, akamwita Kaporali, na kila Noeli akampandisha cheo. Baba alipolalamika kwamba yeye hapandishwi, alijibiwa: "Weye fanya kazi kwanza."

Miaka ikapita. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka masomoni Bukavu, na Kaporali alikwisha kuwa Komanda, siku alipokaa mchana mmoja mbele ya jikoni, macho kwenye msumari. Tulikimbilia barabarani wote, pamoja na mbuzi mgonjwa na mwenye mbuzi. Askari walipitisha chombo uani, jikoni, hadi chini ya meko. Wakarudia.

"Hakuna kitu," alisema mmoja wao. "Imezeeka. Inakosea sasa."

Baba alipiga magoti, akamminya nyonga, safari hii taratibu sana. Mbwa akatetemeka mwili mzima. Baba akajaribu kumwinua, miguu ya nyuma ikakataa. Baba akatutazama, nasi tukaelewa kwamba safari hii ni viungo kweli.

Mama akaenda kwenye msumari.

"Lakini mama, hakukuwa kitu," nilimwambia.

"Nyamaza. Minye sitaki ajue kama amekosea."

Akapiga magoti kwenye udongo na kitenge chake cha kanisani, akamtia mpira kinywani kwa mkono wake mwenyewe. "Aksanti, Komanda," alisema. Mkia ukapiga chini, mara moja, mara mbili. Mbwa akautafuna mpira kwa meno machache aliyobaki nayo.

Baba aliinuka kwenda kwenye kabati la dawa. Mama akamshika suruali.

"Ngoja kwanza," alisema. "Iko inacheza."