Maneno ya Mkia Mmoja

Jana jioni mjukuu wangu alinifuata jikoni na karatasi ya kazi za nyumbani. Anasoma hizi shule za Kiingereza zenye basi la njano, na kila wiki anarudi na jambo la kuniumiza kichwa. Safari hii aliambiwa atafute maneno kumi marefu ya Kiingereza yanayoishia na herufi zilezile nne, t-i-o-n, aandike na maana zake. "Bibi, baba anasema wewe ulikuwa bingwa wa Kiingereza," akaniambia. Mwenzangu, mwiko ulinitoka mkononi. Nikamfukuza akacheze nje, nikakaa kwenye kigoda mpaka mboga ikaungua.

Bingwa! Ngoja nikusimulie ubingwa wenyewe.

Nimezeekea hapa Handeni, lakini nilikulia upande wa Korogwe, kwenye kambi ya shamba la mkonge, si mbali na Kwashemshi. Alinilea bibi, mama mzaa mama. Nyumba zilikuwa za mstari mmoja, chumba kwa chumba, na kuta zake nyembamba, jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani kwako. Asubuhi iliamshwa na king'ora cha kiwanda, kisha ikaja ile harufu ya maganda ya mkonge yaliyooza, harufu inayoingia mpaka kwenye uji. Bibi alitupikia bada, ugali wa makopa ya muhogo, kwa mnavu uliotiwa karanga. Jioni tulikwenda kuokota kuni tukarudi na miiba ya mkonge mapajani. Watoto wa manamba, wale vibarua wa mkataba waliotoka mbali, watoto wa Wazigua, watoto wa Washambaa, wote mkono kwenye sinia moja. Nani aliuliza kabila?

Ila nikikwambia kulikuwa na amani nitakuwa mwongo. Kambini kila mtu alikuwa na wa kumpiga. Nyapara alimtukana mkata mkonge, mkata mkonge akarudi akampiga mkewe, mke akampiga mtoto, mtoto akamalizia kwa mbwa. Jirani yetu wa ukuta wa pili alipiga kwa mkanda. Bibi alikuwa anachukua mchi anagonga ukuta, "We mwanamume, utaua mtoto wa watu!" Mkanda unanyamaza, mpaka kesho yake.

Huyo mtoto aliyekuwa akipigwa ndiye rafiki yangu, na ndiye niliyekaa naye dawati moja darasa la saba, mimi kushoto, yeye kulia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu msafi, shati limenyooka, sauti ya kuimbia kwaya. Kila Jumatatu aliandika ubaoni maneno kumi marefu yenye mwisho mmoja. Aliyaita maneno ya mkia mmoja. Alisema Mzungu ni mvivu, hubadilisha kichwa tu, mkia anauacha palepale. Sisi tulicheka. Ijumaa hakuna aliyecheka. Ijumaa alipita dawati kwa dawati, mnasimama wawili, anataja neno. Anayewahi kutoa maana anamzaba mwenzake kofi. Mkinyamaza wote, mnalambwa fimbo ya mpera wote. Hakupenda kuchoka yule bwana, kazi yake alitugawia sisi. Darasa zima ilikuwa pa! pa! pa!, na wengine wanajikojolea hata zamu yao haijafika.

Mimi sikuwa najikojolea. Nilikuwa hodari. Jioni tulikaa nje ya mlango wa bibi, mimi na rafiki yangu, tunapukuchua mahindi na kuulizana. Examination? Mtihani. Transportation? Usafirishaji. Congratulation? Pongezi. Pale mlangoni aliyajua yote. Ikifika Ijumaa anasimama, ananitazama kidogo, anasema, "Sijui, mwalimu." Namzaba. Ijumaa nyingine, "Sijui, mwalimu." Namzaba tena. Nikaanza kumwita kilaza. Nakwambia ukweli, nikaanza hata kuona raha. Bibi aliliona shavu la mwenzangu akanikodolea macho, "Mkuki kwa nguruwe, eeh? Siku utakapochomwa wewe utaniambia." Nilimpuuza.

Ikaja Ijumaa ya neno civilization. Mwalimu kalitaja tu, nikadakia, "Ustaarabu!" Nikampiga rafiki yangu kofi la kawaida. Mwalimu akasogea. "Hilo ni kofi, au unampaka mafuta?" Akasema atanifundisha. Kofi lake liliniangusha chini ya dawati, mdomo ukajaa damu. Sikuwa nimewahi kupigwa hivyo maishani mwangu. Nilipoinuka, hasira yangu haikwenda kwa mwalimu. Ilikwenda kwa yule kilaza aliyeshindwa kusema neno moja tulilolisoma jana yake. Nilimchukia. Nikavuta mkono kutoka nyuma nikampiga kwa nguvu zangu zote, likatua sikioni, sikio la kushoto.

Hakulia. Alishika sikio, akakaa. Baadaye damu nyembamba ikamtoka katikati ya vidole. Mwalimu alikuwa ameshahamia dawati la nyuma.

Sikio likatunga usaha wiki nzima. Baba yake akamchapa mkanda kwa kulichezea, kisha akamwachisha shule, eti shule yenyewe hasikii. Mimi nikafaulu, nikaondoka, nikapongezwa. Toka siku ile nilimkwepa, na nikaendelea kumkwepa. Handeni na Korogwe ni pua na mdomo, lakini nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimezika mume, sijamtafuta hata mara moja.

Mwezi uliopita nikashuka stendi ya Korogwe kubadili basi. Nikaona machungwa mazuri, nikamwita muuzaji. Akaendelea kupanga meza yake. Nikaita tena. Binti wa meza ya jirani akacheka, "Shikamoo bibi. Zunguka huku, huyo mama sikio hilo halisikii."

Nikazunguka. Yule mama akageuka, akanitazama usoni. "Wewe! Si mjukuu wa bibi mgonga ukuta?" Akanikumbatia, akacheka kwa sauti ileile, akasogea kwenye benchi lake nikae. Nikakaa kushoto, kama zamani. Akanimenyea chungwa. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kuyataja yale maneno ya Ijumaa ile, yote kumi, na maana zake, kwa mpangilio wa ubaoni.

"Kumbe ulikuwa unayajua?" nikamuuliza.

"Yote. Tulisoma wote, au umesahau?"

"Sasa kwa nini ulikuwa husemi, jamani?"

"Ningesema si ningekupiga? Wewe ulilelewa na bibi, hujui hata ufagio unaumaje. Mimi mwili ulishazoea. Nikaona bora yaje kwangu."

Alisema hivyo huku anamenya. Akaja mteja, akageuka kumhudumia, na mimi nikasema, "Nisamehe." Nililisema sawasawa, kwa machozi. Nililisema kwenye sikio la kushoto.

Akageuka. "Umesemaje?"

"Nimesema machungwa yako matamu."

Eti mimi, bingwa wa maneno marefu! Nilipanda basi na mfuko wa machungwa mapajani, nikijitukana mpaka Handeni.

Mwalimu alishakufa. Kambi imevunjwa, pale palipokuwa chumba cha bibi wamepanda mahindi, na king'ora watoto wa leo hawakijui. Bibi na mchi wake wamekwenda. Wakati mwingine naikumbuka harufu ile ya maganda mpaka nahisi ipo ndani ya nyumba, na moyo unaniuma, kwa sababu nilipapenda pale. Nilipapenda pamoja na yote.

Jana mjukuu alirudi tena jikoni. Maneno tisa alishayapata, la kumi alilitoa kwenye kitabu chake. Civilization. "Bibi, hili maana yake nini?"

"Sijui," nikamjibu.

Akanitazama kwa huruma, akaenda kumuuliza baba yake. Mimi nikafuta macho, nikaanza kuangalia nguo za safari. Jumamosi napanda basi kwenda Korogwe. Safari hii nitakaa upande wake wa kulia.