Chapati Zilizonitafuta Woodbridge

Naandika hii haraka kabla sijaanza kujitetea. Nilimdanganya Anti. Nilimwambia nimepata kazi ya live-in Woodbridge, Virginia, wiki mbili, halafu nikapanda ndege nikaenda Bangkok kula na kuzunguka madukani.

Kama hujui live-in, ni hivi: unahamia kwa mzee unayemtunza. Unalala hapo, unaamka hapo, huendi popote mpaka mwenzako aje akupokee. Kwa sisi tunaofanya kazi hii, mtu akisema yuko live-in hakuna anayeuliza mbona hapatikani. Ndiyo maana niliichagua. Hata mkoba wa live-in na mkoba wa safari ni uleule. Anti mwenyewe alinishusha stesheni ya College Park, akanishikisha chupa ya chai.

"Usimwinue huyo mzee peke yako," akasema. "Mgongo ukienda, utabaki jikoni na mimi, na jiko langu ni dogo."

"Sawa, Anti."

Alifikiri nitachukuliwa na watu wa kazi kituo cha mwisho upande wa Virginia. Nikapanda treni, nikabadilisha, nikaenda uwanja wa ndege. Chai niliimwaga kabla ya ukaguzi. Hiyo chai bado inaniuma kuliko vitu vingine vikubwa.

Utauliza kwa nini sikusema ukweli. Anti ni dada ya babangu, ndiye aliyenileta huku Marekani, naishi kwake. Hangenikataza, na hapo ndipo shida ilipo. Miaka yote niliyokaa naye sijamwona akipumzika. Siku zake za ofu, za kupumzika, anafanyia watu wengine kazi. Ningewezaje kumwambia naenda mbali hivyo, si kwa mazishi, si kwa harusi, ni kukaa kwenye mikahawa tu? Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mara ya pili alikuwa amelala na viatu.

Aliyenishawishi ni mwenzangu wa kazini Rockville, Mtanzania wa Tanga, msichana wa kucheka sana. Kila saa ya mapumziko ananionyesha video za Bangkok, vyakula vinaruka kwenye karai. "Shoga, sisi tunafuta watu midomo mpaka lini?" akaniambia. "Twende na sisi tukafutwe." Nikabuku tiketi.

Na ilikuwa tamu. Hapo pia sitadanganya. Asubuhi tulianza na kahawa ya barafu yenye maziwa mazito ya kopo, nzito mpaka mrija unasimama. Tuliingia mikahawa iliyo ndani ya nyumba za zamani za ghorofa mbili, ngazi za mbao zinalia, feni inazunguka juu ya kichwa, na chini mama mmoja anauza supu ya tambi kwenye kigari. Mwenzangu alipiga picha kila kikombe. Mimi nilisema naogopa kuzeeka nikingoja picha, nikanywa.

Siku ya tatu tulikaa kwenye viti vya plastiki kando ya barabara. Msichana alikuwa anatwanga papai bichi kwenye kinu, na pilipili, na maji ya ndimu, na kitu cha samaki chenye harufu kali. Wakatuletea wali wa kunata ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko. Nikaangalia meza ya pili: wanaukata kwa vidole, wanaukanda kiganjani, wanachovya. Jamani! Nikaukanda kama ugali, nikachovya, nikala. Yule wa kinu akaniona akacheka, akaniongezea kikapu kingine. Nilichofikiria wakati huo ni kimoja tu: Anti angependa hapa. Angevua viatu.

Kesho yake asubuhi tukiwa mkahawani nikafungua simu. Jumbe tano za sauti, zote za Anti. Kwao ilikuwa Jumapili mchana baada ya kanisa, kwangu nilikuwa nimelala. Nikaweka simu sikioni.

Wa kwanza, anacheka: "Mama, usipike leo! Niko na wamama wawili wa kanisa, tunakuja huko kwako. Tumebeba chapati, ndengu, na kuku. Tutakupea tu hapo mlangoni turudi, hatutasumbua mzee wako."

Wa pili, honi nyuma yake: "Tuko hii barabara ya 95, haisongi. Chapati nimezifunga na taulo."

Wa tatu: "Tumefika. Ulisema nyumba ya matofali karibu na mto. Mama, huku zote ni za matofali. Pokea simu."

Wa nne, ananong'ona: "Tumebisha milango mitatu. Wa mwisho ametuchungulia na pazia, hakufungua. Hawa wenzangu wanaogopa wataitiwa polisi. Ni nyumba gani?"

Wa tano alikuwa amechoka, nilijua kwa pumzi. "Ni sawa. Najua uko na mzee, pengine unamgeuza. Tumerudi nyumbani. Chakula chako nimekiweka kwenye friza. Usilie huko."

Usilie huko. Na mimi nina povu la maziwa mdomoni.

Nilikuwa nimechagua Woodbridge kwa sababu ni mbali. Nikahesabu foleni, nikasema hakuna atakayekuja. Nilisahau hawa wamama ni akina nani. Ukiwaambia uko live-in peke yako na mzee mgumu, hawasemi pole wakakaa. Wanawasha jiko. Na mimi ndiye niliyeongeza hiyo ya mzee mgumu, ili hadithi inoge.

"Mwambie ukweli," mwenzangu akasema nilipomsimulia. Hakucheka, na hiyo ilinitisha.

"Kwa simu?"

"Basi mwambie kwa njiwa! Mama wa watu kabisha milango ya wazungu watatu kwa ajili yako, we unaniuliza kwa simu?"

Sikumsikiliza. Nikaandika: *Samahani Anti, familia ya mzee hawataki simu wala wageni.* Nikatuma. Uongo wa pili ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza.

Siku zilizobaki nilikula lakini sikuonja. Kwenye soko la wikendi, lile kubwa ambalo ukiingia hujui utatokea wapi, nikanunua kitambaa cha pamba cha mirabamiraba, chekundu na buluu. Ukikiona utasema ni kikoi. Nilikuwa nimeshalipa ndipo nikajiuliza: nitampaje Anti? Nitasema nimekipata duka gani la Woodbridge?

Nilirudi Jumatano. Anti alinipokea stesheni ileile, akanitazama usoni. Macho yangu yalikuwa mekundu ya ndege. "Wamekumaliza," akasema.

Nyumbani alikuwa ameshayeyusha chakula. Alipasha chapati moja moja kwenye kikaango, hataki za kupashwa na microwave. Akakaa mbele yangu akanitazama nikila. 

"Kula. Nimekufikiria," akasema. "Kwenye hiyo live-in hutarudi. Watu wanaokunyang'anya simu si watu. Nimeongea na familia ya mama yangu wa Rockville, yule ninayemtunza. Kuanzia Jumatatu utachukua hizo saa zangu za mchana. Mimi nitarudi usiku."

Nikaacha kutafuna. Hiyo kazi ya mchana Anti aliingoja miaka. Alifanya usiku mpaka miguu ikafura, na alipoipata tulifanya maombi ya shukrani hapohapo sebuleni. Sasa alikuwa ananipa mimi, kwa sababu ya mzee ambaye hayupo.

"Hapana, Anti."

"Hapana nini? Mimi nimezoea usiku."

"Umeshawapa jibu?"

"Kesho asubuhi napiga kuwahakikishia."

 Nilienda chumbani nikakaa kitandani na mkoba kati ya magoti. Ningenyamaza, angepiga simu asubuhi na ingekuwa imeisha. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuandika: niliifikiria kabisa. Kazi ya mchana, wikendi bure, mikahawa mingine. Niliifikiria kama dakika kumi.

Halafu nikatoa kitambaa, nikarudi jikoni. Alikuwa anaosha kikaango.

"Anti, sikuwa Woodbridge."

Akafunga maji. Nikasema yote, bila mpangilio, nikaanza na kahawa nikamalizia na treni. Nikaweka kitambaa mezani. Alikigusa na mkono wenye maji, akaurudisha mkono haraka asikilowanishe.

"Bangkok," akasema.

"Ndiyo."

"Ile ya Asia?"

"Ndiyo, Anti."

Alikausha mikono kwa taulo. "Mimi nimebisha milango," akasema. "Nimebeba wamama wa watu na gari, nimewaambia mtoto wangu anateseka. Mmoja wao alilia kwenye gari. Nitawaambia nini?"

"Nitawaambia mimi."

"Utawaambia wewe," akasema. "Jumapili. Na mimi nikiwa hapo." Akaenda kulala. Asubuhi nilimsikia akipiga simu Rockville kusema ataendelea na saa zake. Aliongea kwa upole sana. Kwangu hakuongea.

Jumapili niliwaambia, kwenye maegesho ya kanisa, wakiwa na nguo zao nzuri. Mmoja alicheka mpaka akashika gari. "Yaani nimepakata ndengu ya moto kilomita zote hizo, wewe unakula nyoka!"

"Si nyoka, ni papai."

"Nyamaza, nilikuwa nakuombea!"

Yule mwingine, aliyelia kwenye gari, hakucheka. Alirekebisha kilemba chake akaenda. Ni miezi sasa na hajanisalimia, na sidhani nina haki ya kumkasirikia.

Anti siku hizi tunaongea, hata tunataniana kidogo. Kuna jioni aliniuliza, bila kuniangalia, "Huo wali wao unakandwa kweli kama ugali?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akasema, "Mm."

Kitambaa kiko juu ya friji, ndani ya mfuko uleule wa soko. Hajakivaa, hajakitupa. Kila Jumamosi akisafisha jikoni ananyanyua mfuko, anafuta vumbi chini yake, anaurudisha. Mimi hukaa mezani nikamtazama, na sijapata ujasiri wa kumwambia akivae.