Malaika wa Mdomo wa Juu

Enzi zetu mpapai ulikuwa duka zima. Sabuni ilipoadimika tuliponda majani yake tukafulia mashati ya shule, na weupe ukarudi. Nyama ya ng'ombe mzee ilifungwa kwa majani hayo hayo ikalainika. Mbegu zake tulimeza kwa ajili ya minyoo, mama amesimama mlangoni kuhakikisha hatutemi. Nyinyi mliozaliwa juzi, mnaoletewa kila kitu kwa bodaboda, hamwezi kuelewa imani tuliyokuwa nayo kwa mti ule. Ndiyo maana nilipoamua kuondoa sharubu zangu sikumuuliza mtu. Nilikwenda kwenye mpapai.

Ndiyo, sharubu. Nilikuwa msichana wa darasa la saba, kijijini kwetu kwenye miteremko juu ya Mlali, na juu ya mdomo wangu palikuwa na nywele za kuonekana. Mama alisema ni malaika tu, vile vinyweleo ambavyo kila mtu anavyo. Wavulana wa darasa letu wakauliza ni malaika gani hao weusi hivyo. Wakanipa jina la Mjumbe, kwa sababu mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa na sharubu zilizofika mkutanoni kabla yake mwenyewe. Nikienda kuteka maji, Mjumbe. Nikisimama kujibu swali la hesabu, "Mjumbe atoe taarifa." Nilicheka nao pale pale, nikifika nyumbani nalia jikoni na kusingizia moshi.

Basi mwalimu akanichagua niongoze ngonjera ya Saba Saba. Sauti nilikuwa nayo, kwaya ya misheni ni shahidi, na nafasi ile niliitaka kuliko gauni jipya. Lakini kusimama mbele ya kijiji kizima na wageni kutoka mjini, na sharubu zile? Nikaapa kwamba zitaondoka, na nitasimama.

Wembe wa kaka niliuogopa, maana wasichana tuliambizana kwamba ukinyoa mara moja zinarudi nene kama za mwanamume. Siku hizi wanasema si kweli, ila sisi tungejuaje? Nikawaza: kitu kinachong'oa uchafu wa shati na kulainisha ng'ombe mzee kitashindwaje na vinyweleo? Nikachanja papai bichi, nikakinga utomvu wake mweupe, nikapaka upande wa kushoto na kungoja. Jamani, niliungua. Nywele zilibaki pale pale, ngozi ndiyo iliyoondoka.

Nilijifunika kanga mdomoni nikidai jino linauma. Mama alinivumilia kidogo, kisha akaivuta ile kanga, akatazama. "Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," alisema. Hakunichapa. Aliniosha kwa maji safi ya baridi, akanikataza kupaka kitu kingine chochote, iwe mafuta au dawa ya jirani. Siku ya soko tukashuka mjini na kabichi zake mpaka kwa Mama Zarina, Mhindi mwenye duka la vitambaa, mteja wake wa mboga wa miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia huku macho yameshafika mdomoni kwangu.

"Umepaka nini, mwanangu?"

"Papai, mama."

"Papai tunakula," akasema, akafungua droo na kutoa uzi wa pamba.

Alitueleza kwamba wanawake wa kwao hutoa nywele za usoni kwa uzi, bila dawa yoyote. Lakini hakuanza na uso. Alijaribu kwanza kwenye mkono wangu, tukanywa chai tukingoja kuona kama ngozi itavimba. "Mkono unasamehe," alisema, "uso unakumbuka. Kila kitu anza na mkono." Mkono haukuvimba. Hapo akasema upande ulioungua hataugusa mpaka upone kabisa, na Saba Saba ilikuwa imekaribia mno. Ama tuache zote, ama atoe upande ule mzuri peke yake.

Mama akasema tuache. Mimi nikasema atoe. Nilikuwa nimeshapiga mahesabu yangu: kiongozi wa ngonjera husimama upande akiwatazama wenzake, kwa hiyo watu watapata shavu la kulia, basi. Mama Zarina akanishika kidevu, akaniambia nisukume ulimi chini ya mdomo wa juu ili ngozi ivutike, akauma ncha ya uzi. Machozi yalinitoka yenyewe, ila sikurudi nyuma. Mama alinishika mkono muda wote.

Saba Saba ikafika, na wageni, kwa kukimbia jua, wakaketishwa upande wa pili. Upande wa sharubu! Nikasimama pale na nusu sharubu na alama ya kuungua, nikamsikia mvulana mmoja akinong'ona, "Mjumbe wa nyumba tano." Kicheko kikatambaa hadi nyuma. Miguu ilitaka kukimbia. Nikamtafuta Mama kati ya wanawake wenzake. Alinyanyua kidevu chake kidogo tu. Nikageuka, nikawapa wageni uso mzima, nikaanza. Kabla ubeti wa pili haujaisha, kicheko kilikuwa kimeshakufa. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mjumbe mwenyewe, wa nyumba zote kumi.

Juzi mjukuu wangu wa Kihonda alinionyesha kwenye simu krimu ya kuondoa nywele, na nyingine ya kuzififisha rangi zisionekane. Sikumkataza. Nilimwambia asome maelezo, achague ya usoni, apake kidogo mkononi na kungoja hadi kesho yake, na ikiwasha aitupe. Akanitazama kama redio ya zamani, ila akafanya. Kesho yake akaingia bafuni, akafunga mlango kwa komeo, akatoka laini, hajaungua, hajalia. Nilifurahi kweli.

Lakini nilibaki sebuleni nikifikiria. Enzi zetu hukuweza kutoa nywele za uso kwa uzi bila mtu kukushika kidevu na mwingine kukushika mkono. Zangu zimeota tena, nyeupe sasa, malaika kwelikweli kama Mama alivyosema. Nimeziacha. Walionishika hawapo tena.